Meno ya Mtoto Yatazamwe Lini?

Wazazi wengi hudhani ya kuwa meno yaliyokaa upande hayafai kutazamwa mpaka mtoto atimize miaka 12 au 13, meno yote ya utoto yakiisha kung'oka. Sisi nasi tulidhani hivyo. Lakini chama cha matabibu wa kunyosha meno cha Marekani chashauri mtoto atazamwe kabla hajapita miaka 7.

Kwa nini miaka 7? Kwa sababu wakati huo kinywa kina meno ya namna mbili. Mtoto apatapo miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto, wala halisukumi jino lo lote nje; ndiyo maana wazazi hulidhania kuwa ni la utoto, na likioza huliacha. Kisha meno ya mbele hubadilika. Basi tabibu aweza kuona kama taya la juu lapatana na la chini, na kama meno yajayo yatapata nafasi.

Yako mambo yasiyofaa kungojewa. Meno ya juu yakikaa ndani ya yale ya chini, mtoto huzoea kupeleka taya upande, nalo laweza kukua hivyo. Meno ya mbele yaliyotokeza sana huvunjika upesi aangukapo mchezoni. Na gego la utoto likiwahi kung'olewa, majirani yake huegemea pengo, na jino lililo chini hukosa njia.

Tena katika Tanzania na Uganda wako wanaochokoa ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa na kuhara, wakisema watoa “meno ya plastiki.” Watoacho ni chipukizi la jino la chonge la utoto, na lile la ukubwani lililo karibu laweza kuumia, likaota limepotoka, au lisiote kabisa. Mtoto aliyetendewa hivyo atazamwe mapema, wala wazazi wasione haya kumwambia tabibu.

Kutazamwa si kufungwa nyaya. Watoto walio wengi huambiwa warudi baadaye tu. Pasipo bingwa, tabibu wa meno wa hospitali iliyo karibu aweza kutazama, naye atasema kama kuna haja ya kusafiri.