Upasuaji wa Matiti Yaliyokua kwa Wanaume: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mwanamume aliyeota matiti kwa kawaida hukaa kimya muda mrefu. Huvaa mashati mapana hata wakati wa joto, na hatimaye humwendea yeyote anayemwahidi suluhisho la haraka. Wapo wauzaji wa huduma wanaoitegemea haya hiyo. Ndiyo maana tunalieleza jambo hili waziwazi.

Kwanza itofautishwe tezi na mafuta. Tezi iliyokua huhisiwa kama kisahani kigumu kiasi, nyuma kabisa ya chuchu. Mafuta ni laini, hayana mpaka, na huweza kupungua mwili upunguapo. Kwa mvulana anayebalehe, tezi hiyo hutokea mara nyingi na kwa kawaida hunywea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Mzazi anayehimizwa kumpasua kijana wa miaka 14 aliyeanza kuvimba juzi ana haki ya kuuliza haraka hiyo ni ya nani.

Kwa mtu mzima, chanzo ndicho kinachotafutwa kabla ya kisu. Baadhi ya dawa huleta hali hii, zikiwemo spironolaktoni, ketokonazoli na efavirenzi, pamoja na homoni za kujenga misuli wanazotumia baadhi ya wanyanyua vyuma. Maradhi ya ini, maradhi ya figo na uvimbe wa korodani huweza kuwa chanzo pia. Daktari asiyekuuliza dawa unazotumia wala kukupima korodani hajamaliza kazi yake. Na chanzo kikibaki, matiti huweza kurudi baada ya gharama zote. Hata hivyo, usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuonana na aliyekuandikia.

Uvimbe mgumu wa upande mmoja, uliokaa pembeni mwa chuchu, chuchu kutoa damu, au ngozi kuvutwa ndani ni dalili za kupelekwa hospitali bila kuchelewa, si kliniki ya urembo. Takriban mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani ya matiti ni mwanamume.

Upasuaji wenyewe si mgeni: Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki, aliueleza katika karne ya 7. Leo mafuta hufyonzwa kwa mrija, na tezi hutolewa kupitia mkato ukingoni mwa duara jeusi la chuchu. Tezi ngumu haifyonzwi kwa urahisi, basi tangazo la “bila mkato wowote” litiliwe shaka. Damu inaweza kujikusanya chini ya ngozi, chuchu kufa ganzi, au kifua kubonyea. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aseme mapema.

Dai bei kwa maandishi, ikionyesha iwapo imejumuisha vipimo, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji, fulana ya kubana kifua, uchunguzi wa tezi iliyotolewa katika maabara, na ziara za baadaye. Uliza hasa nani atalipa marekebisho yakihitajika. Hapo ndipo magomvi mengi huanzia. Kwa Tanzania Bara, hakikisha jina la daktari limo katika rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo pia hupokea malalamiko dhidi ya madaktari. Nakala ya fomu ya ridhaa na stakabadhi zote zibaki mikononi mwako.