Miguu ya Mzee na Moto wa Jioni

SWALI: Baba yangu ana umri wa miaka 72, nasi twakaa Mbozi Mission, ambako baridi ya Juni na Julai haina mchezo. Kila jioni huota moto, nyayo akizielekeza mafigani. Juzi tumeona lengelenge kisiginoni pake, naye asema hakuhisi lolote. Je, ni uzee tu?

JIBU: Ndugu msomaji, ningefarijika zaidi lau baba angalipiga ukelele. Lengelenge la moto lisilouma ni dalili dhahiri kwamba mishipa ya fahamu ya unyayo imedhoofika. Na ingawa umri nao huchangia, wa kwanza kushukiwa ni kisukari, maradhi yawezayo kukaa mwilini miaka mingi pasi na mwenyewe kuwa na habari, kisha ulevi wa muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, na ukoma. Zamani ilidhaniwa kuwa nyayo za wenye ukoma huoza zenyewe, hata tabibu Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, katika karne iliyopita, akabainisha kwamba aghalabu vidonda vile huletwa na moto, misumari na msuguano ambao mgonjwa hakuuhisi.

Mpimeni nyumbani kwa njia iliyobuniwa Ipswich, Uingereza. Mzee afumbe macho, nawe umguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, kulia kisha kushoto, naye aseme kila ahisipo. Usibonyeze, wala usirudie alipokosa kwa kumwonea huruma. Akikosa viwili au zaidi katika hivyo sita, hisi imepungua.

Moto asinyimwe, maana kumnyima mzee wa Mbozi moto wa Julai ni dhuluma. Ila akae mbali nao, miguu akiirudisha chini ya kigoda, imevikwa soksi za sufu zisizobana, na maji yake ya kunawa yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine. Magaga yapakwe mafuta kila baada ya kunawa, lakini si baina ya vidole, ambako unyevu hualika fangasi. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Na wembe usiguse sugu hata kidogo, kwani nimeona madonda ndugu yaliyoanzia hapo. Kwa viatu, hasa vya mtumba, msimamishe juu ya boksi wakati wa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, uchore mzingo wa unyayo, uukate na kuutia ndani ya kiatu unachokusudia kununua: ukijikunja, kiache.

Lengelenge lenyewe msilitumbue wala msilipake dawa ya meno, bali lifunikeni kwa kitambaa safi, kisha kesho mpelekeni hospitali ya misheni iliyo jirani nanyi, mkaombe apimwe sukari na miguu yote miwili ikaguliwe. Sera ya nchi yetu yawapa msamaha wa gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, basi ulizeni bila ya haya. Endapo ngozi ya pembeni imevimba, imegeuka nyeusi au yatoa usaha, mpelekeni leo hii, hata kama kahawa ingali juani.