Tovuti ya Maktaba Imjibu Msomaji Kabla Hajatoa Nauli

Mwanafunzi wa Mbita anayetaka kitabu katika maktaba ya umma jijini Kisumu huvuka ziwa kwa feri hadi Luanda K'Otieno, kisha akapanda matatu. Kabla hajatoa nauli, ana maswali: leo mmefungua? Kitabu kipo? Nije na nini ili niazime? Ukurasa wa kwanza wa tovuti umjibu hayo kwanza. Hotuba za ukaribisho na picha za wakubwa wakikata utepe zikae kurasa za ndani.

Saa za kufungua ziandikwe kwa maneno: saa mbili asubuhi. Ukiandika 2:00, mmoja ataelewa asubuhi, mwingine alasiri. Na ziandikwe palepale ukurasani. Tangazo lililopigwa picha na kuwekwa kama faili ya kupakua humla msomaji bando, na programu inayowasomea wasioona kwa sauti mara nyingi haiwezi kulisoma. Picha nazo zipunguzwe. Inayotoka kwenye kamera ya simu huweza kufika megabaiti 3 au zaidi. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 800, kwa kawaida hubaki kilobaiti 200 au chini, na kwenye simu bado inaonekana vizuri.

Sehemu ya kutafuta vitabu ndiyo inayostahili jasho jingi zaidi. Msomaji akiandika "Margret Ogola", asiambiwe hakuna kitu kwa sababu katalogi imeandika Margaret. Aletewe The River and the Source, riwaya ya 1994, aone kama nakala ipo rafuni au imeazimwa, na iko tawi gani. Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand, haina ada ya leseni na inaonyesha nakala zilizopo. Lakini anayeiweka aijaribu kwa majina yaliyokosewa, jinsi watu wanavyoyaandika.

Katiba ya Kenya ya 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kisumu ningeongeza maelezo mafupi ya Dholuo, hasa jinsi ya kujiunga. Maandishi yawe meusi juu ya weupe. Ya kijivu hayasomeki juani. Fomu ya kumsajili mtoto iombe idhini ya mzazi au mlezi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na isiulize yasiyohitajika.

Kabla ya kuzindua, mpe simu mchuuzi wa soko la Kibuye, mwanafunzi wa mtaa wa Kondele na mtu asiyeona. Waombe watafute kitabu kimoja na saa za Jumamosi. Usiwaelekeze. Wanapokwama, rekebisha ukurasa.

Kisha mhudumu mmoja akabidhiwe kazi ya kubadilisha saa kabla ya kila sikukuu, na mwingine awe na nywila, yule wa kwanza anapokuwa likizoni.