SOMO: KUHIFADHI MBAO ZA GHALA NA OFISI KATIKA HALI YA HEWA YA PWANI

Mlango wa ghala hauna ukurasa wake katika vitabu vya hesabu za chama. Uliingizwa mara moja katika gharama za ujenzi, na baada ya hapo aghalabu hautajwi tena mpaka siku utakapoanguka. Hata hivyo, mlango huo ndio unaosimama kati ya mazao ya wanachama na mvua, panya na mwizi. Tangu mwaka 2007, korosho za Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho ya mkulima hulala ghalani ikingoja mnunuzi. Gunia lililolowa karibu na mlango uliooza hushuka daraja, na Katibu ndiye atakayetakiwa kulieleza mbele ya mkutano mkuu.

Somo hili lahusu upakaji wa mbao za nje na za ndani mahali penye jua kali, mvua nyingi na upepo wa chumvi, kama ilivyo katika ukanda wa pwani kutoka Tanga hadi Mtwara. Yafaa lisomwe na Katibu pamoja na Kamati kabla ya kupitisha makisio ya matengenezo, kwa kuwa kosa kubwa hutendeka dukani, wakati wa kununua, kabla brashi haijashikwa.

Yanayoharibu mbao

Adui wa kwanza ni jua. Nyuzi za ubao zimeshikamanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, yaani urujuanimno, huivunja gundi hiyo katika uso wa ubao. Mvua inapokuja huiosha, nyuzi hubaki zimelegea, na ubao hugeuka rangi ya majivu. Uharibifu huo hauingii ndani sana. Ubao wa mvule uliokaa kijivu kwa miaka mingi ukipigwa randa kidogo hurudia rangi yake. Lakini uso uliolegea hauwezi kushika rangi yoyote, na anayepaka juu yake amepaka juu ya vumbi.

Adui wa pili ni unyevu, na huyu ahitaji kuelezwa kwa kirefu zaidi. Ubao haukauki ukakoma. Hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, majira yote ya mwaka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, jambo ambalo si geni pwani, ubao hatimaye hutulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, kama inavyoweza kuwa bara wakati wa kiangazi, ubao huo nao hushuka hadi asilimia 9 hivi. Kila unapobadilika hutanuka au kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu karibu haubadiliki kabisa. Ndiyo maana meza iliyotengenezwa Lindi ikapelekwa Dodoma yaweza kupasuka katikati, na fundi akalaumiwa bure.

Kuoza ni jambo jingine. Ubao hauozeshwi na maji yenyewe bali na kuvu, na kuvu hiyo haiwezi kuula ubao wenye unyevu ulio chini ya asilimia 20. Kwa hiyo hewa ya pwani peke yake haiozeshi mlango. Unaooza ni ubao ulionywa maji ya mvua ukakosa njia ya kuyatoa. Hesabu hiyo ya asilimia 20 ndiyo msingi wa mengi yatakayofuata.

Chumvi hufanya kazi yake polepole: huvuta unyevu juu ya ubao, huzuia rangi kushika, na hula misumari. Msumari wa chuma kitupu katika mbao ngumu huacha doa jeusi. Yafaa kutumia misumari iliyopakwa zinki.

Vanishi na rangi ya kupenya

Vanishi ni utando unaokaa juu ya ubao. Rangi ya kupenya ni kimiminika chepesi chenye mafuta na chembe za rangi, nacho huzama ndani ya nyuzi bila kuacha utando mnene. Tofauti hii ndiyo inayoamua maisha ya mlango.

Watu wengi hupenda vanishi isiyo na rangi kwa sababu siku ya kwanza mlango hung'aa na uzuri wa mti huonekana. Lakini utando unaopitisha macho hupitisha na jua. Miale hupenya na kuivunja lignini iliyo chini yake, na vanishi hubaki imeshika nyuzi zilizolegea. Ubao unapotanuka na kusinyaa, utando hupasuka. Mvua huingia kwa ule ufa, na utando uliobaki huyazuia maji yasitoke. Hapo ubao hupita asilimia 20 na kuvu huanza kazi, huku mlango ukiendelea kung'aa sehemu nyingine. Ukitaka kuupaka upya huna budi kukwangua vanishi yote mpaka ubao mtupu, kazi ambayo mara nyingi hugharimu kuliko rangi yenyewe. Zipo vanishi za vyombo vya baharini zilizotiwa dawa ya kupunguza makali ya jua. Hizo huchelewesha tu, tena zataka kupakwa mikono mingi na kurudiwa mara kwa mara. Kwa mlango wa ghala unaotazama jua, vanishi tupu ni fedha iliyotupwa.

Katika rangi ya kupenya, chembe za rangi, hasa zile za kahawia na nyekundu zitokanazo na oksidi ya chuma, huizuia miale isifike ndani. Kwa sababu hiyo rangi iliyokoza hudumu kuliko iliyo nyepesi. Haina utando wa kubanduka. Hufifia tu, na ikififia huoshwa na kupakwa tena bila kukwangua. Kasoro yake ni kwamba haing'ai. Wajumbe watauliza mbona fedha zimetumika na mlango haung'ai, na Katibu awe na jibu tayari.

Wenye majahazi walilijua jambo hili zamani. Mbao za juu za chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na zile zinazokaa majini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kazi hiyo hurudiwa chombo kikipandishwa pwani, wala nahodha hangoji kivuje ndipo apake. Harufu ya sifa haifai karibu na mazao, lakini desturi ya kupaka kabla ya uharibifu yafaa kuigwa na kila chama.

Kupima ukavu kwa mizani

Mbao mbichi zikipakwa, maji hufungiwa ndani. Chama kisicho na chombo cha kupimia unyevu chaweza kutumia mizani ndogo ya dukani. Fundi akate kipande kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa kuwa ncha hukauka mapema. Kipande kipimwe, kisha kikaushwe katika joko la joto kama la maji yanayochemka, bila kuungua, hadi uzito ukome kupungua. Tuseme kipande kilikuwa na gramu 240 kikawa gramu 200. Maji yaliyotoka ni gramu 40, nayo ni asilimia 20 ya uzito mkavu. Ubao huo bado. Ungoje chini ya paa, umepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka ufike asilimia 16 au pungufu.

Mlango wa nje

Wakati bora kwa kusini ni kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha na msimu wa korosho haujaanza. Tanga na Pwani zaweza pia kutumia Januari na Februari. Kazi ianze umande ukishakauka, na fundi afuate kivuli. Mlango unaotazama mashariki upakwe alasiri. Ubao uliochomwa na jua hukausha mafuta kabla hayajazama.

Mlango uteremshwe kutoka kwenye bawaba. Amri hii hupuuzwa kuliko zote. Fundi akipaka mlango ukiwa umesimama, hupaka kila panapoonekana na kuacha ukingo wa chini, ambapo ncha za nyuzi ziko wazi. Ncha hizo hunywa maji kwa wepesi kupita kiasi kuliko uso wa ubao, mfano wa fungu la mirija. Mvua inayoruka kutoka kizingitini hupanda kwa njia hiyo. Ndiyo maana milango mingi huanza kuoza chini huku juu ikiwa mizima. Ncha zipakwe mpaka zikatae kunywa, hata mara nne.

Uso uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, uachwe ukauke, kisha usuguliwe kwa msasa namba 80 kufuata nyuzi. Msasa laini zaidi hauna faida nje, kwa kuwa huziba vinyweleo vya ubao. Mbao za mvule na msaji zina mafuta ya asili yanayochelewesha rangi kukauka, hivyo zifutwe kwa kitambaa chenye tina kabla ya kupakwa. Fundi anyunyize matone ya maji: yakizama upesi, ubao uko tayari kunywa rangi, yakikaa kama shanga, bado kuna vanishi au mafuta. Rangi ipakwe kidogo kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 ile isiyozama ifutwe. Ikiachwa, itanata na kushika vumbi la uwanja mzima.

Kuhusu kiasi, tuchukue mlango wa mabawa mawili, kila bawa mita 1.2 kwa mita 2.4. Upande wa nje ni mita za mraba 5.76, na wa ndani vivyo hivyo. Nje ukipakwa mara tatu na ndani mara mbili, jumla ni mita za mraba 28.8. Ikiwa lita moja yatosha mita za mraba 8, zahitajika lita 3.6, yaani kopo moja la lita 4, na kinachobaki kitatosha kingo. Mbao zisizopigwa randa hunywa zaidi; hapo lita moja ihesabiwe kuwa ya mita 5 tu. Upande wa ndani usiachwe mtupu kwa kubana matumizi, kwani bawa linalonywa unyevu upande mmoja hupinda.

Rangi yoyote haimzuii mchwa anayepanda kutoka ardhini. Miimo isimame juu ya zege, isiguse udongo, na msingi ukaguliwe kila mwezi kuona kama pana njia za matope. Kadhalika aina ya mti ina neno. Moyo wa mvule, mkongo au msaji huvumilia. Lakini ubao mweupe wa pembeni, hata wa mti ulio bora, huliwa kama paini.

Mbao za ndani

Ndani hakuna mvua wala jua la moja kwa moja, na hapo vanishi ina mahali pake. Kaunta, meza za ofisi na makabati ya vitabu zisuguliwe kwa msasa namba 120 kisha 180, zitiwe rangi ikitakiwa, halafu zipakwe vanishi mara mbili au tatu, pamoja na chini ya meza. Chaga za kupangia magunia zisipakwe kitu chochote. Mazao hunywa harufu, na ubao mkavu ulio mtupu wawatosha wanachama.

Sumu na moto

Vitabu vya zamani vya kilimo na ujenzi vilishauri dieldrin, aldrin na chlordane kwa kuua mchwa. Dawa hizo zimo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 juu ya sumu zisizooza upesi, na kopo lililosalia stoo lisifunguliwe wala kumwagwa, bali litolewe taarifa kwa maofisa wa kilimo. Oili chafu ya magari, ambayo wengi huipaka nguzo, ina madini yenye sumu na haikauki, isikaribishwe ghalani. Mafuta ya ganda la korosho huhifadhi mbao kweli, na wavuvi wa Kerala huko India wameyapaka mashua zao, lakini yakiwa mabichi huunguza ngozi. Rangi kuukuu yaweza kuwa na madini ya risasi. Vumbi lake lisipeperushwe mahali wachezapo watoto.

Jambo la mwisho ni dogo kwa macho. Mafuta ya kitani, yaliyomo katika rangi nyingi za kupenya, hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na katika kukauka hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo. Kitambaa kilichofinyangwa na kutupwa pembeni hulihifadhi, nacho chaweza kuwaka chenyewe baada ya saa chache, usiku, ghala likiwa limefungwa na magunia yamejaa. Matambara yote yahesabiwe jioni, yatandazwe nje juu ya mawe mpaka yakauke na kuwa magumu, au yatiwe katika debe la maji lenye kifuniko.

Maswali kwa vikundi vya mafunzo

1. Kagueni ukingo wa chini wa mlango wa ghala lenu kwa kuuchoma kwa ncha ya kisu. Je, kisu kinaingia kwa urefu gani, na mara ya mwisho ulipakwa mwaka gani?

2. Kipande cha ubao kilikuwa na gramu 174, kikakaushwa kikawa gramu 150. Je, ubao huo waweza kupakwa?

3. Pimeni milango na madirisha yote ya chama, mkadirie lita zitakazohitajika, na kuandika kifungu chake katika makisio ya mwaka ujao. Nani atakabidhiwa matambara?