Mabano katika Masharti ya Programu

Mwanafunzi aliyefunzwa MAGAZIJUTO anajua kwamba katika 2 + 3 × 4 huzidisha kwanza, ndipo ajumlishe. Ajifunzapo kuandika programu za kompyuta hukuta kanuni ya namna hiyo ikitawala pia maneno "and" na "or", yaani "na" na "au". Katika lugha ya Python, kama katika nyingine nyingi, "and" hutangulia "or". Kanuni hii haimo katika MAGAZIJUTO, na hapo ndipo makosa yaanzapo.

Tuchukue sharti hili: mwanafunzi atapanda darasa akipata alama 50 katika Hisabati au Fizikia, na awe amehudhuria siku 150. Wengi huliandika kama walivyolisikia:

hisabati >= 50 or fizikia >= 50 and siku >= 150

Mwanafunzi mwenye 60 katika Hisabati, 30 katika Fizikia na siku 20 tu atapandishwa! Mashine imeunganisha kwanza Fizikia na mahudhurio. Hisabati ikabaki peke yake, nayo yatosha. Wala haikutoa onyo lolote. Katika usemi, kituo cha sauti hutenga maneno. Mashine haisikii kituo, husoma mabano:

(hisabati >= 50 or fizikia >= 50) and siku >= 150

Lugha nazo hutofautiana. Katika Pascal, iliyobuniwa na Niklaus Wirth, "and" na "or" hutangulia hata ulinganishi, hivyo kila ulinganishi hapo juu ungehitaji mabano yake. Katika C, alama & hutanguliwa na ==; Dennis Ritchie, mbunifu wake, alikiri baadaye kwamba ingefaa kuugeuza mpangilio huo.

Katika kufundisha tunapendekeza hatua hizi:

1. Wanafunzi wasome sharti kwa sauti, kisha waeleze ni maneno yapi yaendayo pamoja.

2. Wachore jedwali la ukweli lenye mistari 8, wakijaza majibu ya maandishi yote mawili.

3. Watafute mistari inayotofautiana. Watapata 2: yote ni ya aliyefaulu Hisabati bila kutimiza mahudhurio.

Mwanafunzi hodari atauliza: nikiikariri kanuni, mabano ya nini? Tumjibu kwamba programu husomwa pia na mwenzake atakayeirekebisha kesho. Mabano yasiyohitajiwa na mashine huenda yakahitajiwa na msomaji.