Somo la Wanachama: Sumu za Shambani na Akili za Uzeeni

Katika vyama vya msingi vya miteremko ya Mlima Meru, mzee ni daftari la pili la chama. Yeye ndiye ajuaye mpaka wa kihamba umepita wapi, nani alilipa hisa kabla kadi hazijaandikwa upya, na mibuni ipi ilipandwa mwaka wa ukame. Mzee huyo akianza kusahau, watu husema, "Ni uzee tu," na mambo huishia hapo. Somo hili laeleza kwa nini jibu hilo halitoshi, na kwa nini ghala la pembejeo la chama limo katika habari hii.

UGONJWA WENYEWE

Kila mtu husahau. Mtu akisahau alikoweka panga lake, kisha akakumbuka, huo si ugonjwa. Demensia ni kudhoofika kwa akili kunakoendelea mwaka hata mwaka, mpaka mtu ashindwe kazi alizozizoea. Mgonjwa huuliza swali lile lile mara nyingi, hupotea katika njia aliyoipita tangu utotoni, hushindwa kuhesabu fedha za mauzo yake, na mwisho aweza kutowatambua wanawe. Aina iliyoenea zaidi ni ile iliyoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo.

Huu si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Katika Wilaya ya Hai, upande wa Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wazee wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na demensia. Wakulima wa huko hulima kahawa na migomba kama wa Meru.

JINSI SUMU INAVYOGUSA NEVA

Dawa nyingi za kuua wadudu ni za jamii ya oganofosfeti, kwa mfano profenofosi na klopirifosi. Zimetengenezwa ili kuvuruga neva za mdudu. Neva hupelekeana habari kwa njia ya kemikali. Habari ikishafika, kimeng'enya maalumu huivunja kemikali hiyo ili neva ipumzike. Sumu hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi, neva hazipati mapumziko, na mdudu hufa.

Neva za binadamu hufanya kazi kwa namna ile ile. Ndiyo sababu mnyunyizaji aliyepata sumu nyingi hutokwa na jasho, mate na machozi, huumwa kichwa na tumbo, hutapika, huona ukungu machoni na kutetemeka. Dalili hizo hujulikana, na mtu hukimbizwa zahanati. Linalowashughulisha watafiti ni jambo la pili: sumu kidogo kidogo, msimu baada ya msimu kwa miaka 20 au 30, bila mtu kuanguka hata siku moja.

Jamii nyingine ni oganoklorini, ambayo DDT imo ndani yake. Hizi hazitoki mwilini upesi, bali hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Mtu aliyeishika DDT ujanani aweza kuwa na mabaki yake uzeeni.

UTAFITI UMEONYESHA NINI

Katika Wilaya ya Cache, jimbo la Utah nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi katika eneo la wakulima. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliofanya kazi na viuatilifu walikuwa na hatari ya kupata demensia iliyozidi ya wengine kwa asilimia 38 hivi. Kwa walioshika oganofosfeti, hatari ya ugonjwa wa Alzheimer ilizidi kwa asilimia 53 hivi.

Nchini Ufaransa, wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu ya Bordeaux walipimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, kisha wakapimwa tena baada ya miaka minne au mitano. Waliokuwa wakiguswa na viuatilifu walifanya vibaya zaidi, na akili zao zilikuwa zimeshuka zaidi. Hawa hawakuwa wazee: walipoanza kupimwa walikuwa na umri wa miaka 40 na kitu.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba DDE, yaani mabaki ya DDT, ilikuwa karibu mara nne zaidi katika damu ya wagonjwa wa Alzheimer kuliko katika damu ya wazee wenzao wazima.

Yafaa matokeo haya yasomwe kwa uangalifu. Hayasemi kwamba kila mnyunyizaji atapoteza akili, wala kwamba mzee fulani aliyesahau amelishwa sumu. Yanasema kwamba katika kundi kubwa, walioguswa na sumu huugua zaidi. Demensia ina vyanzo vingi. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari na yanayoweza kurekebishwa, miongoni mwayo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, ulevi, uziwi usiotibiwa, upweke, elimu ndogo na hewa chafu. Viuatilifu havimo katika orodha hiyo, kwa kuwa ushahidi juu yake bado unakusanywa. Lakini mkulima hangoji nyumba iishe kuungua ndipo achote maji.

HALI YA KASKAZINI MWA TANZANIA

Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walitoa taarifa juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania. Wakulima 68 katika kila 100 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza. Karibu theluthi moja walichanganya dawa mbili, tatu au zaidi katika bomba moja, wala hapakuwa na maelekezo ya mchanganyiko huo kwenye kibandiko wala kwa bwana shamba. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2014, uliohoji wakulima 121 wa vijijini nchini, uliona kwamba 93 katika kila 100 wamewahi kudhurika na sumu hizo walau mara moja maishani.

Wakulima wa Meru wana bahati ya kuwa karibu na wataalamu. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ilikuwa Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha. Kwa sheria ya mwaka 2020 kazi zake ziliingia katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao hapo hapo. Chama chenye shaka juu ya dawa yoyote chaweza kuuliza huko kama imesajiliwa. Orodha hubadilika: mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiweka klopirifosi miongoni mwa kemikali za kukomeshwa, pamoja na ruhusa chache za muda.

Sumu nyingine zisisahauliwe. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dohani na moshi wa magari mjini Arusha ni hewa chafu ile ile iliyotajwa na wataalamu. Floridi iliyomo katika maji ya Maji ya Chai na Ngarenanyuki inajulikana kwa kuharibu meno na mifupa. Kuhusu ubongo, uchunguzi wake umehusu zaidi akili za watoto.

WAJIBU WA CHAMA

Chama kinachopeleka pembejeo kwa mwanachama hakimalizi kazi yake kwa kuandika stakabadhi. Kamati yaweza kutimiza haya bila kungoja msaada kutoka nje:

1. Kuuza dawa katika chombo chake cha asili tu, chenye kibandiko kinachosomeka. Dawa isipimwe katika chupa za soda.

2. Kuweka dawa katika chumba chenye kufuli, mbali na kahawa, mahindi na mbegu. Mwanachama naye asiiweke chumba cha kulala wala jikoni.

3. Kununua glavu, buti na barakoa za kufaa, na kuziuza pamoja na dawa.

4. Kufundisha vijana wachache wa kunyunyiza kwa zamu, wenye vifaa kamili, ili mabomba yasishikwe na wazee, watoto wala mama wajawazito.

5. Kukusanya makopo matupu yaliyosuuzwa mara tatu na kutobolewa. Yasichomwe moto nyumbani wala kutekewa maji.

6. Kuhimiza kukagua shamba kabla ya kunyunyiza, na kupanda aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) iliyoko Lyamungu. Kila ugonjwa ambao mche unaustahimili wenyewe hupunguza safari za bomba shambani.

MZEE ALIYEKWISHA KUANZA KUSAHAU

Mzee wa namna hii apelekwe hospitali, asifichwe. Kusahau kwingine hutokana na maambukizo, upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo au huzuni kubwa, na huko hutibika. Demensia yenyewe haina dawa ya kuiponya, lakini shinikizo la damu laweza kutulizwa, na jamaa waweza kufundishwa jinsi ya kumtunza.

Chama nacho kina deni kwake. Mwanachama asiyekumbuka kilo alizopeleka ni rahisi kupunjwa kwenye mizani, na asiyekumbuka hisa zake ni rahisi kunyang'anywa. Karani amsomee uzito kwa sauti mbele ya jamaa yake, na malipo yatolewe mbele ya shahidi. Jina la mrithi liandikwe mapema, mwanachama akiwa na akili timamu. Asiitwe mchawi wala mlevi. Mikutanoni apewe kiti chake, kwa maana upweke nao huongeza ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO

1. Dawa za chama zimewekwa wapi leo, na ufunguo uko kwa nani?

2. Ni wanachama wangapi waliojisikia wagonjwa baada ya kunyunyiza msimu uliopita, na walitumia dawa gani?

3. Makopo matupu ya msimu huo yako wapi?

4. Je, wapo wazee chamani ambao hawajaandika warithi wao?