Mtoto Anayechagua Chakula: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Gitega na Muyinga

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016–2017 ulionyesha kuwa watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Burundi walikuwa wamedumaa. Umaskini, magonjwa na maji machafu vinachangia, na chakula cha aina moja pia. Mtoto anayekubali bugali au viazi vitamu tu hushiba, lakini mwili na ubongo wake havipati vya kujijengea. Jambo la kufurahisha ni kwamba kupenda chakula hufundishika.

Kwa nini anakataa?

- Kuanzia karibu miaka 2, watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea. Ni hatua ya ukuaji, si ukaidi.
- Huenda amekunywa chai au uji muda mfupi kabla ya kula.
- Huenda anaumwa: malaria, minyoo na vidonda vya mdomoni huondoa hamu ya kula.

Sahani iliyokamilika

Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anahitaji kila siku angalau makundi 5 kati ya haya 8:

1. maziwa ya mama
2. nafaka, mihogo, viazi, ndizi za kupika
3. maharagi, njegere, karanga
4. maziwa ya ng'ombe au mbuzi
5. nyama, samaki, ndagala
6. mayai
7. lengalenga, sombe, maboga, papai, embe
8. matunda na mboga nyingine, kama avoka na nyanya

Bugali, maharagi, lengalenga na kijiko cha unga wa ndagala, pamoja na kunyonya, tayari ni makundi 5. Ndagala zioshwe mchanga uishe, zikaushwe, zikaangwe bila mafuta, kisha zitwangwe. Anayekataa samaki mzima mara nyingi hukubali unga wake ndani ya maharagi. Karanga pia zitwangwe, kwa sababu karanga nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo.

Namna ya kumzoesha

- Mpe sahani yake. Kwenye sinia la pamoja wakubwa humtangulia, nawe huwezi kujua amekula nini.
- Anza na kidogo. Weka kijiko kimoja cha chakula kipya kando ya anachokipenda. Watoto wengi huhitaji kukionja mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali.
- Shika saa. Milo 3 na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au avoka. Chai isiandamane na mlo, kwani huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagi.
- Kula naye. Akimwona baba anakula sombe, naye atataka kuonja.
- Mshirikishe. Achambue lengalenga, aoshe nyanya.
- Usimpige, usimlazimishe, usimhonge kwa biskuti. Baada ya nusu saa ondoa sahani bila hasira, usubiri mlo unaofuata.

Mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa:

- anakataa kila chakula, au ana homa, anahara au anatapika
- anakonda, au miguu yote miwili imevimba
- mkanda wa kupimia mkono unaonyesha rangi ya njano (chini ya sentimita 12.5) au nyekundu (chini ya sentimita 11.5)

Tangu 2006, matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali. Wiki ya Afya ya Mama na Mtoto ikifika, mpeleke apate vitamini A na dawa ya minyoo kulingana na umri wake. Mwulize mremeshakiyago (mhudumu wa afya ya jamii) wa kilima chako kama kuna FARN, yaani kituo cha kijamii cha mafunzo ya lishe, karibu. Huko akina mama hupika pamoja vyakula vinavyopatikana hapo hapo kilimani, na watoto hula wakiwa kundi.

Leo jioni ongeza kijiko kimoja cha mboga kwenye sahani yake, ukae naye. Akikataa, mpe tena kesho.